Msichana wa Mlango wa Tatu

Simu ilikuja saa nne asubuhi, nikiwa ofisini Molo, koti sijavua. Aliyepiga alikuwa naibu wa chifu, mzee mpole tuliyekuwa tumeshirikiana katika kesi nyingi. Alisema kuna mama anayefulia watu nguo ambaye amemletea habari ya msichana wa miaka kama kumi na miwili. Haendi shule, anafanyishwa kazi, anapigwa. Nikachukua kalamu.

"Ni ploti gani, mzee?"

"Ile ya mabati ya kijani, nyuma ya mashine ya kusaga unga. Mlango wa tatu."

Sikuandika kitu. Mimi nilikuwa naishi mlango wa nne.

Nilikuwa na mwaka mmoja Molo, nimehamishwa huko kama afisa wa watoto wa serikali. Kazi yangu ni kuingia nyumba za watu na kuuliza maswali ambayo hakuna mzazi anayependa kuulizwa. Katika mji mdogo, kazi hiyo haibaki ofisini. Nikiingia dukani watu walishusha sauti. Kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, akina mama walitishia watoto wao kwa jina la kazi yangu: "Usipokula nitamwita yule wa serikali akuchukue." Walisema kwa mzaha, lakini watoto waliamini. Wakiniona langoni walikimbilia ndani. Kanisani nilikuwa na benchi nzima peke yangu hadi waliochelewa walipofika na kukosa pa kukaa.

Mtu pekee aliyewahi kubisha mlango wangu alikuwa jirani wa mlango wa tatu. Aliuza mitumba sokoni. Mume wake alikuwa dereva wa lori la viazi, hakuonekana nyumbani ila siku mbili tatu kwa mwezi, na walikuwa na mtoto mchanga. Siku niliyohamia alikuja na sufuria ya githeri. "Mgeni hapiki siku ya kwanza," alisema, akaiweka juu ya sanduku langu la vitabu. Baadaye, nilipomweleza jinsi watu wanavyoniepuka, alicheka. "Wacha waseme. Wewe kula."

Basi nikawa nakula. Baridi ya Molo inaingia mifupani, na kwake kulikuwa na jiko la makaa na mtu wa kuongea naye. Karibu kila jioni nilikuwa hapo, miguu karibu na jiko, nikimsimulia mambo ambayo singeweza kumwambia mtu mwingine yeyote. Chai ililetwa na msichana.

"Ni wa binamu yangu, kutoka Kuresoi," jirani aliniambia siku ya kwanza. "Amekuja kunisaidia na mtoto kidogo. Mwaka ukianza anaingia shule."

Mwaka ulianza. Muhula wa kwanza ukaisha. Asubuhi nikienda kazini nilimkuta kwenye mfereji wa uani akifua nepi kwa maji ya barafu. "Habari ya asubuhi, auntie," aliniambia. Nikamjibu nzuri, nikaenda kutafuta watoto wa kusaidia.

Nilipokata simu ya naibu wa chifu nilimpigia mkubwa wangu Nakuru. Nilimwambia siwezi kushika kesi hiyo, huyo mama ni rafiki yangu.

"Mwenzako yuko likizo ya uzazi," alisema. "Mimi niko mahakamani hadi Ijumaa. Mtoto angoje Ijumaa?"

"Hapana."

"Basi nenda na polisi wa dawati la watoto. Andika kila kitu, hata kwamba mnajuana. Nitaisoma mwenyewe."

Tulifika tukitembea, mimi na polisi mmoja wa kike ambaye hakuwa amevaa sare. Siku hiyo jirani hakuwa ameenda sokoni. Alituona akiwa mlangoni, akafurahi kweli kweli.

"Ai! Leo wamekufukuza kazi? Na umeniletea mgeni, hata sijafagia!" Akageuka ndani, akamwita msichana. "Weka chai!"

"Usiweke," nikasema. "Leo nimekuja kwa kazi."

Alitabasamu kwanza, akingoja nimalizie mzaha. Kisha akamtazama yule polisi viatu, zile buti nyeusi za polisi, na tabasamu likaondoka polepole.

Mtoto huongeleshwa mbali na watu anaoishi nao. Mahali pa karibu palikuwa kwangu. Msichana hakuwa amewahi kuingia ndani. Alikuwa akiishia mlangoni, akija kurudisha beseni. Nilimwambia akae, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Nilimwuliza yale ninayouliza watoto wote. Unalala wapi? Stoo, juu ya marobota ya nguo. Unaamka saa ngapi? Kabla mtoto hajaamka. Ulienda shule mara ya mwisho lini? Alipokuwa kwao. Alijibu vizuri, kwa sauti ya mtoto aliyezoea kutumwa.

Kisha, bila kuombwa, akakunja mkono wa sweta. Juu kidogo ya kiwiko kulikuwa na kidonda cha kuungua, kirefu, kimeanza kukauka.

"Hii ilikuwa lini?"

"Siku ile ulikuja kula chapati. Mbili zilikuwa zimeungua." Akafikiri kidogo ili aseme sawasawa. "Ilikuwa baada ya wewe kuenda."

Kuna swali ambalo mtoto haulizwi. Nimewafundisha watu wa kujitolea wasiliulize kamwe, kwa sababu linamrudishia mtoto lawama. Lilinitoka mdomoni kabla sijalizuia.

"Kwa nini hukuniambia?"

Hakukasirika. Alinitazama kwa mshangao tu.

"Nilidhani unajua, auntie. Si wewe ndiye wa watoto?"

Polisi aliyekuwa akiandika aliinamisha kichwa, akaacha kuandika.

Tulipotoka, jirani alikuwa amesimama uani, mtoto mgongoni, na ploti nzima iko milangoni. "Mimi nimemlisha!" alipaza sauti. "Kwao hakukuwa na kitu! Na wewe ulikuwa hapo kitini kila siku, unanyweshwa chai yake. Ilikuwa tamu, si ndiyo? Leo ndio imekuwa kosa?"

Jioni hiyo niliandika maneno yake kwenye ripoti jinsi alivyoyasema, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa niandike kila kitu.

Msichana alipelekwa hospitali, kisha akakaa siku chache kwenye makao ya watoto Nakuru huku tukitafuta kwao. Nilimpeleka Kuresoi mwenyewe. Mvua ilikuwa imeharibu barabara na gari lilikwama mara mbili. Mama yake tulimkuta shambani akichimba viazi. Aliacha jembe likaanguka. Hakumkumbatia mwanawe mara moja. Alishika mikono yake kwanza, akaigeuza, akaitazama ile ngozi iliyopasuka.

"Huyo wa Molo aliniambia uko gredi ya sita," alisema. "Kila nikipiga simu, aliniambia uko shule."

Halafu akanigeukia mimi. "Mlimpata aje?"

"Kuna mama wa kufua nguo alimwona," nikasema. "Akaenda kwa chifu."

"Mungu ambariki huyo mama. Na wewe pia, madam, umetoka mbali."

Hapo ndipo ningesema niliishi mlango gani. Nilitoa fomu, nikamwonyesha mahali pa kuweka sahihi.

Mahakama haikumfunga jirani, kwa sababu ya mtoto mchanga. Alipewa kifungo cha nje. Alirudi mlango wa tatu, nami nikabaki mlango wa nne. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao. Nilimsikia akibembeleza mtoto, naye lazima alinisikia nikiosha sahani yangu moja. Tukikutana kwenye mfereji alichukua mtungi wake hata kama haujajaa.

Majirani wengine nao waliacha kunisalimia. Nilidhani wanamtetea, hadi siku moja nilipomwuliza bibi wa mlango wa kwanza, mjane mzee asiyeogopa mtu.

"Hakuna anayemtetea," alisema. "Sisi wote tulikuwa tunasikia huyo mtoto akilia. Tulitaka kusema. Lakini tukaona wewe uko pale kila jioni, tukajua serikali imeona na imenyamaza. Sisi ni nani?"

Mimi pia nilikuwa nasikia kilio kupitia zile mbao, nikijiambia ni cha mtoto mchanga. Niliingia nyumbani nikakaa kitandani na koti langu. Sikumbuki nilipika nini, au kama nilipika. Mwisho wa mwezi nilihama, nikapata vyumba viwili upande wa hospitali ambako majirani hawakunijua. Nilikuwa mwangalifu wasinijue.

Kila muhula nilirudi Kuresoi kumtazama yule msichana, kama kazi inavyotaka. Mara ya mwisho kabla sijahamishiwa Nakuru, mwalimu alimtoa darasani, tukasimama chini ya paa la ofisi kwa sababu ya manyunyu. Alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, sare imembana mabegani.

"Habari yako, madam," alisema. Auntie ilikuwa imeisha.

Nikamwuliza anakolala. Chumba kimoja na dada yake. Nikamwuliza kama kuna anayempiga. Hakuna. Mikono yake ilikuwa na wino.

"Kuna kitu kingine ungependa nijue?"

Alifikiri kwa heshima, kama mtu anayetafuta kitu ili asinivunje moyo.

"Hapana," alisema. "Naweza kurudi? Ni hesabu."

Nikamwambia arudi. Alikimbia akiruka madimbwi, akafunga mlango wa darasa nyuma yake. Nilibaki hapo nikisikia mwalimu akiendelea kufundisha, kisha nikafungua daftari kuangalia nyumba inayofuata, ambayo ilikuwa mtelemko mmoja tu kutoka hapo, nikaenda kwa miguu.