Bunju Wawili Katika Mtungi wa Peremende

Mtungi ule ulinukia peremende za mnanaa hata baada ya peremende zenyewe kuadimika. Ulikuwa mtungi mkubwa wa kioo, mdomo wake mpana, mkono wa mtu mzima unapita bila kukwama. Ulikaa mtupu juu ya meza ya duka la Mzee Hamisi pale Runazi, maana wakati ule duka lilibakiwa na viberiti, chumvi ya mawe na Mzee Hamisi mwenyewe. Baba yangu, Fidelis, alipouomba, mzee alicheka akasema, "Chukua. Peremende zikirudi, na mtungi urudi." Niliubeba nimeukumbatia kifuani, na njia nzima nilitia pua ndani. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa bado kipya, nyumba zimepangwa mistari kama watoto wa shule. Migomba tuliiacha kule tulikohama. Hapa tulikuwa na mihogo, mahindi, vumbi jingi, na kisima kilikuwa mbali, bondeni.

Baba alikuwa dereva wa lori la serikali. Safari moja alitoka Kigoma na kopo la mafuta ya kupikia, mfuniko wake umetobolewatobolewa, na ndani mlikuwa na samaki wawili wadogo, kama ncha ya kidole gumba, mmoja amemzidi mwenzake kidogo. Mvuvi mmoja wa kule alimpa, akamwambia kwamba watu wa pwani samaki wa namna hii humwita bunju. Walikuwa wa manjano wenye madoa, tumbo jeupe, na macho yao yalizunguka kila moja kivyake, hili likikutazama wewe, lile likitazama mlango. Baba akatuonya mapema: "Hawa hawaliwi. Wana sumu. Hawa ni wa kutazama tu." Jirani yetu, Mama Sperata, aliposikia alipiga makofi. "Waitu! Samaki asiyeliwa, tena analishwa? Huyo si samaki, huyo ni mkwe!" Tangu siku hiyo kijiji kizima kikawaita wakwe wa Fidelis.

Kazi ya kuwatengenezea makao tuliifanya baba na mimi. Mtungi tuliusugua kwa mchanga na maji ya moto, sabuni akaikataza kabisa. Mchanga wa kuweka chini tuliuchota kijitoni tukauosha kwenye ungo wa zamani, tukaosha na kuosha, mpaka maji yaliyopita yakawa yanaonyesha vidole vyangu. Tukapanga mawe, tukang'oa majani ya majini pamoja na mizizi yake, tukayapanda katikati kama ua kati ya nyumba mbili, kwa sababu wale wawili walikuwa wagomvi. Wakionana tu, mkubwa anamng'ata mdogo mkia. Tukajaza maji ya kijito, kisha tukauacha mtungi ukae hivyo hivyo siku kadhaa kabla ya kuwaingiza. Harufu ya mnanaa ikaondoka, ikaja harufu ya bondeni, ya tope na majani mabichi. Chakula chao kilikuwa konokono wadogo wa majini. Bunju humzunguka konokono kwanza, anamkagua kwa jicho moja, halafu anamvunja gamba kwa meno, na ukitulia unasikia kru, kama mtu anatafuna bisi chumba cha pili.

Mama hakuwapenda. Jina lake Adventina, mwanamke mwembamba, kichwa chake kimezoea ndoo. "Maji haya nayapandisha mlima na shingo yangu," alimwambia baba. "Ninywe mimi au wanywe wakwe zako?" Baba akamjibu kwa upole kwamba samaki hanywi mengi. Mama akasema, "Siku maji yakipungua humu ndani, wanarudi kijitoni, na mtungi ninawekea maharage." Hakuwa anatania. Nilimjua.

Halafu vita ikaja. Malori yakakusanywa kubeba chakula cha askari, na lori la baba likawemo, na baba akiwa ndani yake. Aliondoka asubuhi, tumesimama uani, akaniwekea mkono kichwani akasema, "Paulina, nikirudi niwakute hai." Basi. Hakusema atarudi lini, maana hakujua. Mimi nikalichukua neno lile kama watoto wanavyochukua maneno. Nikajiambia: wakiwa hai, baba yu hai, wakifa, sitaki hata kumalizia. Sikumwambia mtu. Nikawa nakwenda kijitoni kila nikitoka shule, nachota maji yao mwenyewe kwa kibuyu, namwaga nusu ya yale ya zamani, naongeza mapya, natafuta konokono chini ya majani. Habari za baba hazikuja. Redio ya Mzee Hamisi ilitaja miji iliyokombolewa, madereva haikuwataja.

Ikatokea nikashikwa na malaria, nikalala kitandani natetemeka, sijui mchana wala jioni. Nilipopata nafuu kidogo, asubuhi moja, nikasikia mama anaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Fidelis! Fidelis, usinifanyie hivi!" Nikadhani baba amefika. Nikajikokota mpaka sebuleni, nikamkuta mama amepiga magoti mbele ya mtungi, kanga imemwanguka mabegani. Bunju wote wawili walikuwa juu kabisa ya maji, vinywa nje, wanatweta. Mdogo alikuwa ameanza kulala ubavu.

"Umewafanyia nini, mama?"

"Nimewabadilishia maji. Nimewapa yetu, yale mazuri."

Lazima nieleze hapa. Bwana afya alikuwa amepita kijijini akifundisha kila nyumba kuchemsha maji ya kunywa, na mama alimshika neno kuliko wote. Maji yaliyochemshwa yalikaa kwenye mtungi wa udongo wenye kifuniko, na ole wako uyaguse kwa mkono mchafu. Kuni zilikuwa za kutafutwa. Yale ndiyo maji bora tuliyokuwa nayo, na mama akawapa samaki ambao alisema hawapendi. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba maji yakichemka pumzi iliyomo ndani hutoka, na samaki akiwekwa humo anakosa hewa. Nilichoona ni kwamba wanatafuta upepo. Nikachukua kata, nikawa nachota maji ya mtungi wa samaki, nayainua juu na kuyamimina, nainua na kumimina, yanachuruzika na kutoa povu. Mama akashika kata nyingine. Mikono yangu ilipokufa ganzi, mama aliendelea peke yake. Baadaye Mama Sperata akaleta ndoo ya maji ya kijito bila mzaha wowote, akamimina polepole, akatoka.

Mdogo alikufa. Mkubwa alishuka chini taratibu, akajificha nyuma ya jiwe, na jicho lake moja likatutazama. Mama alimzika yule mdogo kwenye shina la mgomba wa kwanza tuliouotesha pale, kisha akaniambia, "Baba yako akija, mimi ndiye nitakayesema."

Baba alikuja wakati wa kung'oa maharage, amekonda, ndevu zimemjaa. Nilisema shikamoo. Alipita moja kwa moja hadi kwenye mtungi, akainama. "Mwenzake yuko wapi?" Mama akasimama wima kama yuko mbele ya baraza. "Nimemuua mimi. Niliwapa maji ya kuchemsha." Baba akamgeukia. "Ya kuchemsha?" Akaketi chini kwenye sakafu. "Adventina, kule mimi nimekunywa maji ya madimbwi, tunachuja kwa shati. Na hapa samaki wanachemshiwa!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mama naye akacheka, kisha mmoja wao hakuwa anacheka tena, na mimi nikatoka nje kwenda kung'oa maharage.

Siku hizi nakaa Ngara mjini kwa mjukuu wangu Joventa. Mume wake ni dereva wa lori, anakwenda hadi ng'ambo na kurudi. Jioni simu inalia, anasema amefika Nyakanazi, amekula wali na maharage, anatafuta pa kulala. Joventa anajibu, "Haya, usiku mwema," anaweka simu chini, anaendelea kukaanga vitunguu. Ni jambo zuri, na ninashukuru hajui jingine. Mama hakuwa na mtu wa kumletea habari kama hizi. Miezi ile yote baada ya yule mdogo kufa, mpaka baba aliporudi, aliamka kabla yetu, akainama kwenye kioo cha mtungi, akangoja mpaka aone mkia wa bunju aliyebaki ukitikisika, ndipo akawasha moto.