Kitambaa cha Mpiga Dramu

Kila baada ya onyesho, mpiga dramu huvifuta vyuma vya dramu zake, vilivyochovywa dhahabu, taratibu kama anayemfuta mtoto jasho. Hataki sabuni wala dawa ya kung'arishia. Dhahabu ya kuchovya ni utando tu, husema, ukisugua imekwenda. Kitambaa chenyewe, pamba laini, haruhusiwi kukigusa mtu yeyote, hata mkewe.

Juzi alirudi nyumbani akamkuta mama mkwe, mgeni wa siku mbili, amemaliza kuvisugua vyote kwa majivu na waya wa kusugulia sufuria. Vilikuwa vyeupe pe.

"Vilishaliwa na kutu ya manjano, mwanangu," mama alisema huku akihema.

Mpiga dramu alivizunguka mara moja.

"Asante, mama. Vimetakata."

Kisha akampa kile kitambaa ajifute jasho.