Kigae Namba 212

Hapa Iringo bado wapo wanaosema kwamba marehemu mume wangu, Clementi Magesa, aliiba kigae cha kale akamuuzia Mzungu mjini Bunda. Ni uongo. Wanasema pia kwamba nilimwaibisha Isidori bila huruma. Hilo ni kweli, na nitaeleza lilivyokuwa.

Mwaka 1968 wataalamu walichimba kilimani Buswahili wakatoa vitu vya udongo vya watu wa kale, karibu vyote vimevunjika: mabega ya vyungu yenye michoro, na ng'ombe wadogo wasio na pembe. Clementi alikuwa na mwandiko mzuri. Akapewa kazi ya kuviosha na kuandika namba kwenye kila kipande kwa wino mweusi, kisha kupaka vanishi usifutike. Mbili yake ilikuwa na mkia mrefu, kama kwenye barua alizoniandikia wakati wa uchumba.

Siku ya kufunga makasha, kipande kikubwa kuliko vyote, namba 212, hakikuonekana. Isidori, mlinzi wa shimo, alisimama mbele ya watu akasema, "Clementi ameiba. Nimemwona kwa macho yangu."

Mume wangu akafukuzwa. Watoto wetu wakazomewa njiani. Alikufa mwaka 1971, na mazishini kwake watu walinong'ona.

Mwaka 1974 tulihamishiwa kijiji kipya, nyumba zikapangwa kwa mistari, nami, mwalimu wa shule ya hapo, nikapewa kiwanja jirani na Isidori. Viberiti vilikuwa vimeadimika. Asubuhi moja nikaenda kwa mkewe, Jenoveva, kuomba moto.

"Kumbe na walimu wanaombaga moto?" alicheka.

"Walimu wanakulaga ugali, mama. Nipe makaa."

Akayachota kwa kigae. "Kigae changu unirudishie, mwalimu. Ninacho tangu kule tulikotoka, na hakijapasuka."

Nilipomwaga makaa jikoni kwangu, nikakigeuza. Pembeni, chini ya masizi, niliona mkia wa mbili. Nikasugua kwa majivu. 212.

Sikukirudisha. Siku ya mkutano wa kijiji nilimpa Isidori mkononi, mbele ya wote.

"Shemeji, tusomee namba."

"Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

"Yale yaliyomwona Clementi?"

Watu wakacheka. Katibu akaisoma. Isidori akakiri: mkewe alikiokota kando ya shimo akidhani ni kigae tu cha kuchukulia moto, naye Isidori alipoulizwa akaogopa kufungwa, akamsingizia Clementi.

Mwenyekiti akasema Isidori atoe mbuzi, yaishe. Nikamkataa mbuzi. Nilitaka maneno yake ya mwaka 1968 ayageuze kwa kinywa kile kile.

"Clementi hakuiba," akasema. "Sikumwona."

"Wa nyuma hawajasikia," nikasema. Akarudia. "Hata hawa akina mama hawajasikia." Akarudia tena, huku analia.

Jenoveva akanishika mkono. "Dada, inatosha. Huyu ni mtu mzima."

"Clementi naye alikuwa mtu mzima."

Kigae kilirudishwa serikalini. Isidori hakuhudhuria mkutano mwingine mpaka alipokufa. Mwaka jana wanawe walinifuata hapa Iringo, wakaniomba niseme tu kwamba nilimsamehe baba yao. Niliwapa chai. Neno hilo sikuwapa, na hapa pia siliandiki. Asiniulize mtu tena.