Mbegu Zilizokuwa Juu ya Meko Yetu

Wakati wa vita, wenzangu wa Mikindani walipokuwa wakiwahi kibarua bandarini, mimi, mwanamume mzima, nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimemaliza sekondari, jiometri naijua, na kazi niliitafuta kwa barua ili nisivuke kizingiti. Wanawake majirani walipiga hodi kwa kejeli: "Hodi! Mwali wetu hajatolewa tu?" Nami hujibu kutoka jikoni, "Bado, mahari haijatosha."

Hawakunifuata mimi, walifuata mbegu. Juu ya meko yetu, kwenye uchaga, yalitundikwa mahindi ya mbegu ya wanawake saba, mama akiwamo, kila fungu limefungwa kwa kipande cha leso kuukuu ya mwenyewe. Moshi uliyakinga na wadudu. Zamani mbegu ilikaa kwa mume, na mume akinuna, mke halimi. Ndipo wanawake wale wakaiweka pamoja, wakaapa haitashuka hata punje moja mpaka wote saba wawe wamesimama pale. Mama akafanywa mtunzaji kwa kuwa ni mjane. Hakuna wa kumwamuru.

Wanaume walicheka. Siku moja mmoja akaja kutaka fungu la mkewe akabadilishe kwa tembo la mnazi. Mama hakuacha hata kupepeta. "Waite wote saba, shemeji, nitakuteremshia." Yule bwana akanitazama mimi, akidhani mwanamume mwenzake atamtetea. Nikajifanya nasoma. Akaenda zake.

Kisha mvua zikakosa. Unga wa mgao tuliupangia foleni, mara upo, mara haupo. Mihogo ikaisha, tukala majani ya mchunga, uchungu wake unabaki kooni mpaka kesho. Mdogo wangu wa mwisho, msichana wa miaka minne, akavimba miguu, nywele zikageuka nyekundu. Alilala chali jikoni akitazama juu.

"Mama, yale je?"

"Yale ni ya watu."

"Na letu?"

"Na letu ni la watu."

Nilimwambia mama niende nikawaite wale sita. Alinigeukia kwa ukali ambao sikupata kuuona. "Mtunzaji akiwa wa kwanza kuomba, nani atamwamini tena? Kila mmoja atarudisha mbegu kwa mumewe. Kaa hapo!"

Kukaa ndio ujuzi wangu. Nikakaa. Majirani wakipita kutujulia hali, mama alibandika maji matupu motoni, akajibu, "Tu wazima, twapika."

Mtoto alifariki asubuhi, saa ya chai, na chai yenyewe haikuwapo.

Baada ya mazishi, mkubwa wa wale wanawake, yule bibi aliyezoea kunitania kuliko wote, aliniita kando jikoni. "Ugonjwa gani, mwanangu?"

"Njaa, bibi."

Akainua macho kwenye uchaga. Mahindi yalikuwa pale pale, hata vifundo havijaguswa.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

Hakuna aliyecheka.

Akamwendea mama, akaketi naye mkekani. "Ungalitwambia, tungalishusha siku ile ile. Na kwangu mimi wajukuu wamekula mizizi. Tuliapa tusimame wote, hatukuapa tunyamaze." Mama alikuwa akikunja ncha ya leso yake, anaikunja, anaikunjua.

Mvua ikarudi. Walisimama wote saba jikoni kwetu, mbegu ikashuka, na shamba letu wakalipanda kwanza. Mimi pia nilitoka na jembe. Nililima vibaya, nikasahihishwa na kila mtu. Wakati wa mavuno wakaleta tena mafungu yao, na mama akasimama mlangoni.

"Pelekeni kwingine. Mimi siwezi tena kulala chini yake."

"Yatakaa hapa," alisema yule bibi, "tena hakuna mume atakayeyagusa. Ila kila jioni mmoja wetu atakwenda nyumba kwa nyumba, aulize mmekula nini. Na mtu aseme kweli. Atakayeficha ndiye aliyevunja kiapo."

Mama akasogea, wakapita.

Jioni ile ile mmoja wao alikuja. Sisi tulikuwa na ugali, na papa mkavu, na mchuzi wa nazi ambao hatukuumaliza.

"Mmekula nini, mwenzetu?"

Mama aliitazama sinia muda mrefu. "Tumeshiba," alisema. "Wallahi ni kweli, tumeshiba." Kisha akalia, mara ya kwanza tangu mazishi, na mgeni akaketi naye mpaka akanyamaza.