Mvua Isiyotoka Pugu

Ilianza Jumapili, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Saa naijua kwa sababu nilikuwa natazama ukutani, nikijiuliza mama atarudi lini kutoka jumuiya, na hapo hapo mvua ikashuka kwenye bati kama mtu kamwaga kokoto.

Kwetu ni Tabata, upande unaoteremkia Mto Msimbazi. Sie tuko juu, wenzetu wako bondeni. Baba na mama walikuja kutoka bara wakanunua juu. Wa chini wengi wao ni wenyeji, walikuwepo kabla yetu, wakilimaga mpunga na mchicha enzi mto una maji ya kunywa. Siku hizi mto ni mweusi na kila masika unawaingilia ndani. Sie hautufikii. Ila tunautumia.

Uchochoro wetu ni mwembamba, gari la kunyonya vyoo halipiti. Kwa hiyo kila nyumba ya juu ina bomba limetoka kwenye shimo la choo, likatoboa ukuta, likaelekea bondeni. Mwaka mzima bomba limezibwa. Masika yakikolea na mto ukifurika, unachomoa kizibo, uchafu unashuka, mto unazoa kila kitu unakipeleka baharini. Tunaita kutapisha. Kila mtu anafanya na hakuna anayesema.

Kizibo chetu kilikuwa sweta langu la kidato cha kwanza, limeviringishwa na kufungwa kamba. Mama alikuwa ameniambia toka Ijumaa kwamba choo kimefika mdomoni, mvua kubwa ikija yeye hayupo, nizibue mie.

Nyumba iliyo chini yetu kabisa anaishi rafiki yangu na bibi yake. Tunakaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, sasa tuko cha tatu. Mie shuleni siongei. Mwalimu akiniuliza, sauti inakwama, na yeye ndiye ananigusa kiwiko nijibu. Lile sweta alinishonea yeye lilipotoboka, kwa uzi wa kijani, maana mweusi hakuwa nao. Sina rafiki mwingine.

Nilimfikiria, sitadanganya. Nilifikiria nishuke kwanza niwaambie waingize vitu ndani. Halafu nikaona aibu. Ningeanzaje? Shikamoo bibi, nakuja kuwafungulieni choo? Nikaenda nyuma ya nyumba na mwavuli, nikavuta kamba. Sweta likatoka kwa kishindo likaenda na maji.

Haikupita robo saa mvua ikakatika. Jua likatoka kabisa. Nikachungulia juu ya ukuta: mto uko kule kule chini, umelala, hata mawe ya kuvukia yanaonekana. Uchafu wetu wote ulikuwa umeteremka ukafika uwanjani kwao ukatulia. Uliingia mlangoni. Uliingia kisimani. Uliingia kwenye beseni la mchele ambao bibi alikuwa ameloweka kwa vitumbua vya asubuhi, na kwenye ndoo ya sare ya shule ambayo rafiki yangu alikuwa anafua. Yeye alikuwa anasukuma uchafu kwa kipande cha mbao. Bibi alisimama tu, kanga ameipandisha magotini.

Jirani yetu anayefuga kuku naye alikuwa anachungulia. Akacheka akasema vitumbua vya kesho vitakuwa na tui la aina yake. Mie nikacheka pia. Sijui kwa nini. Nilicheka.

Mama aliporudi, bibi akapanda kwetu. Alisimama nje, hakutaka kukanyaga baraza na miguu ile.

"Mie sijaja kugomba, mama," alisema. "Nauliza tu. Mmefungulia nyie?"

Mama akamwamkia vizuri, shikamoo na pole nyingi, akasema yeye ndo kwanza anaingia. Akanigeukia.

"Muulize huyu, ndiye alikuwepo."

Bibi akaniangalia. Huyu bibi amenilisha vitumbua miaka mitatu bila kuniuliza kitu.

"Hatujafungua," nikasema. Siku hiyo sauti haikukwama.

"Haya, mwanangu. Wewe huwezi kunidanganya."

Akageuka. Mama akamfuatishia kwa upole kwamba labda ni choo chao wenyewe kimefumuka, na kwani si waliambiwaga wahame bondeni? Bibi alishuka kwa kushikilia ukuta wetu.

Ndani mama akanifinya sikio. Si kwa kusema uongo.

"Mjinga we. Mvua ya hapa inajaza mto? Mto unajazwa na mvua ya Pugu. Unatazama kule milimani, kukiwa kweusi, unasubiri maji yafike, ndo unafungua. Mto ukishapita, nani anajua cha nani?"

Halafu naye akaanza kucheka, akamsimulia baba kwenye simu jinsi nilivyotapisha juani. Niliwasikia wanacheka wote wawili. Mie nikaenda kulala bila kula, nikiomba rafiki yangu asije shule.

Alikuja. Sare anayo moja, na alikuwa ameifua kwa maji ya kisima kile kile. Kabla hata hajafika mlangoni wasichana wa nyuma walishaziba pua. Mmoja akasema leo choo kimekuja chenyewe, kimeokoa watu safari ya uani. Darasa zima likacheka. Yeye akaja moja kwa moja kwenye dawati letu, hakukaa, akatoa mfuko kwenye begi. Ndani kulikuwa na sweta langu. Limefuliwa, limekunjwa, kiwiko chenye uzi wa kijani kimewekwa juu. Sketi yake ilikuwa inanuka choo chetu, na sweta linanuka sabuni, kama limefuliwa kwa maji ya kununua.

"Hili lilikwama mlangoni kwetu," alisema, polepole, ili wengine wasisikie. "Ni lako?"

Alikuwa anajua. Aliniuliza tu ili niseme mwenyewe. Darasa zima linatuangalia.

"Si langu," nikasema.

Nikachukua begi langu, nikaziba pua, nikahamia dawati la mbele.