Mpiga picha wa Nyamache na kioo cha kutazamwa kwa mbali

Saa nne asubuhi, Nyacheki. Simu ya mpiga picha Bathsheba Nyakerario iko mikononi mwa mtu wa tatu, na mwenyewe hana la kufanya ila kuifuata kwa macho.

Aliyeipokea kwanza ni bibi harusi wa majuma mawili yaliyopita. Alikuwa jikoni. Ametazama picha kumi hivi, amefuta kioo kwa leso, kisha amempa wifi yake. Wifi ameipeleka barazani kwa mama mkwe. Sasa mama mkwe anavuka ua polepole, simu ameishika kama chai ya moto, anaelekea kando ya zizi alikoketi mumewe.

Hapa watu hawainamii simu moja pamoja. Mzee hawezi kuweka kichwa chake karibu na cha mke wa mwanawe ili watazame kitu kimoja, wala mke wa mwanawe hawezi kumfuata mzee kule zizini. Ni heshima ya wakwe, ile Wagusii wanayoiita chinsoni, na katika boma hili hakuna anayehitaji kukumbushwa. Kwa hivyo simu ndiyo inayotembea.

"Mama Sheila, hii simu yako ni kama kipande cha sabuni," shangazi wa bwana harusi anamlalamikia Bathsheba ikimfikia. "Watu mia tatu watatoshea aje hapa?"

"Watatoshea, shangazi. Vuta na vidole viwili."

"Nimevuta. Nimebaki na sikio la pasta."

Watu wanacheka. Bathsheba pia anacheka, lakini haondoi macho kwenye kile kidole cha shangazi.

Ana miaka ishirini na tisa. Aliachia masomo darasa la nane, akaajiriwa kufagia studio ya Job Makori katika soko la Nyamache. Alifagia miaka miwili bila kushika kamera. Siku ambazo hakukuwa na wateja alisimama nyuma ya Makori akitazama anavyogeuza kichwa cha mtu kidogo, anavyongoja mtoto anyamaze. Siku moja Makori aliugua jino, na watu wa ubatizo walikuwa wamekwisha kupanga mstari mlangoni.

"Aliniambia, wewe si umekuwa ukiangalia? Piga," anakumbuka.

Leo ana kamera yake mwenyewe, ya mtumba. Hupiga harusi, mazishi, ubatizo na sherehe za shule kuanzia Nyamache hadi ng'ambo huko Nyamira. Jumamosi hafanyi kazi, ni Msabato. Harusi moja humpa picha mia sita au mia saba. Familia huchagua sitini, naye huzipeleka mjini Kisii kuchapishwa na kutiwa katika albamu. Akishalipa wachapishaji na mtu wa boda, hubaki na shilingi elfu mbili, mara nyingine elfu tatu. Mwezi wa Agosti na Desemba hupata harusi nne au tano. Mwezi kama Machi huweza kupita bila hata moja, akaishi kwa picha za vitambulisho.

Kupiga hakumsumbui, anasema. Kinachomsumbua ni kuonyesha.

"Mtu hawezi kuchagua kitu ambacho hajakiona vizuri. Wazee wananiambia tu, chagua wewe, mwanangu. Mimi sitaki kuwachagulia. Hiyo ni siku yao."

Halafu kuna ile picha ya kijijini Gesima. Bathsheba huisimulia akitazama chini, kama mtu anayehesabu mishono ya kiatu chake.

Ilikuwa Agosti mwaka jana, harusi ya mwana wa mwisho wa Mzee Obwocha. Keki ilikuwa mezani, imefungwa utepe mwekundu. Kabla ya kukatwa, jogoo mmoja aliruka juu ya meza, akanasa utepe kwa mguu na kukimbia nao katikati ya wageni. Upande huu wa ua, kitini pake, Mzee Obwocha aliangua kicheko mpaka kofia ikaanguka. Upande ule, mlangoni mwa jikoni, mke wa mwanawe mkubwa, Celestine, alikuwa amesimama na kifuniko cha sufuria, naye anacheka machozi yakimtoka. Kati yao kulikuwa na ua mzima, na jogoo.

Bathsheba alibonyeza mara moja tu.

"Wameishi boma moja miaka tisa," anasema. "Wanaheshimiana sana, hata sauti hawapandishiani. Lakini hakuna picha hata moja walimo pamoja wakiwa hivyo. Kwa picha za familia yeye husimama mwisho kule, mzee mwisho huku, na wote wamekaza uso."

Alipokwenda kuwaonyesha picha, Celestine ndiye aliyeanza. Alipoifikia ile, hakuipita. Alikaa nayo hadi uji ukachemka ukamwagika. Kisha akaipeleka simu kwa mama mkwe wake, Damaris, naye akaivusha ua kwa mzee.

Mzee Obwocha alitazama picha peke yake, karibu nusu saa. Kidole chake ni cha jembe na cha kuchuma majani chai, kigumu, hakitelezi juu ya kioo. Kila alipotaka kusukuma picha alikuwa anaibonyeza. Mahali fulani katika kule kubonyeza, picha ya jogoo ilifutika. Hakujua. Hakuna aliyejua.

Bathsheba aligundua miezi miwili baadaye, familia ilipopata pesa ya albamu. Simu huhifadhi picha zilizofutwa kwa mwezi mmoja tu, na ilikuwa imeshajisafisha yenyewe. Kadi ya kamera alikuwa ameifuta zamani, baada ya kuhamishia picha simuni, ili aende nayo kwa mazishi ya watu wengine.

Yalimtosha hayo, lakini hayakuishia hapo. Siku alipopeleka albamu, Celestine alimsindikiza hadi njiani na kumuuliza kwa sauti ndogo, "Na ile yetu ya jogoo?" Alipokuwa anapanda boda, Damaris naye akamkimbilia. Mzee alikuwa amemtuma aulize ile picha iko ukurasa gani.

"Kila mmoja anaitaka, na hakuna anayejua mwenzake anaitaka," Bathsheba anasema. "Ni mimi tu najua. Na ni mimi niliipoteza."

Tangu siku hiyo alianza kuweka akiba ya kununua tableti. Kila mtu alimshauri hivyo: nyepesi, inaingia kwenye mkoba, kioo kikubwa. Mumewe, Mose, alikuwa na ushauri mwingine.

"Kwa hiyo pesa tungepata ndama," alimwambia.

"Ndama atawaonyesha watu picha?"

"Hapana. Lakini hafutiki."

Jumatatu moja, miezi miwili iliyopita, Bathsheba aliingia katika duka la Jasper mjini Kisii, linalouza simu na kompyuta zilizokwisha kutumika. Alikuwa na shilingi elfu kumi na tano na mia tano ndani ya bahasha ya picha. Jasper, kijana mchangamfu mwenye maneno mengi, alimwekea tableti ya inchi kumi juu ya meza, bei elfu kumi na sita.

"Madam, hii ni moto. Chaji inakaa, picha zinang'aa. Shika usikie uzito."

Bathsheba hakuishika. Aliiegemeza kwenye katoni, akaweka picha ya harusi moja kutoka kadi ya kamera, akaanza kurudi nyuma. Hatua tatu, nne, akatoka mlangoni, akasimama kwenye ngazi ya barabara.

"Madam!" Jasper aliita. "Kwani unataka kuiangalia ukiwa Keroka?"

"Nataka kuiangalia nikiwa mke wa mwana, kule mlangoni," alijibu, na wanawake waliokuwa wakipita wakacheka, maana walimwelewa.

Alirudi ndani akiwa hajaridhika, ila hakujua kwa nini. Nyuso zilionekana. Katoni ilitosha kuisimamisha. Ndipo alipomwomba mama mmoja aliyekuja kutafuta chaja amsaidie. Mama huyo, Edinah, huuza ndizi sokoni.

"Mama, hebu niangalilie hii picha. Unamwona bibi harusi?"

Edinah hakungoja. Aliinyakua ile tableti, akaileta karibu na pua, akaifuta kioo kwa kiganja. Picha ikaruka. Akabonyeza ili airudishe, ikaruka tena.

"Amepotea," Edinah alisema. "Ni nani huyu sasa, mwenye mbuzi?"

Bathsheba aliichukua tableti na kuirudisha mezani. Aliiona Gesima nzima pale dukani.

Kwenye rafu ya chini kulikuwa na laptopu kuukuu, nyeusi, nene, imekwaruzwa mgongoni, kitufe kimoja hakipo. Jasper aliiwasha akinung'unika kwamba hiyo ni ya watu wa ofisi, ni nzito, na inachukua muda kuamka. Ilipoamka, Bathsheba aliweka picha ileile na kumwita Edinah.

Safari hii mama wa ndizi alikunja mikono nyuma ya mgongo. Alisogea kidogo, akainamisha kichwa, akatazama. Hakugusa chochote. Mteja mwingine alikuja akasimama upande wa pili, mbali naye, naye akatazama picha hiyohiyo.

"Kwa nini hujaishika?" Bathsheba alimuuliza.

"Hii?" Edinah alishangaa. "Hii si ya kushika. Hii imekaa yenyewe. Ni ya kuangalia."

Hapo Bathsheba alijua. Kitu unachompa mtu mkononi, atakipeleka kwa mwenzake, na huyo kwa mwenzake. Kinachosimama chenyewe juu ya stuli ukumbini, kila mtu atakitazama kutoka mahali anapopaswa kukaa. Mzee kitini pake. Mke wa mwana mlangoni pake. Na watacheka wakati mmoja.

"Ni nzito, najua," anasema. "Nitaibeba mgongoni kama mtoto."

Laptopu ilikuwa elfu kumi na tisa. Jasper hakushuka. Alikubali kupokea alichokuwa nacho, akaandika "Mama Sheila" kwenye karatasi, akaibandika juu ya kifuniko na kuirudisha rafuni. Bathsheba ana hadi mwisho wa Agosti kumaliza kulipa. Kuna harusi mbili anazotarajia, moja Nyamache kwenyewe, nyingine bado wazazi wanazungumza.

Kila akienda mjini kuchapisha picha hupitia dukani. Hanunui kitu. Huchungulia rafu ya chini kuona kama karatasi bado iko, halafu huenda zake.

"Siku hizi hata hasemi jambo," Jasper anasema. "Anaiangalia tu. Nikimwambia nimwashie, anakataa. Anasema isichoke."

Kwa simu, Celestine aliulizwa kama jina lake na habari ya jogoo vinaweza kuandikwa gazetini. Mtu alisikika akimwita kutoka mbali, naye akaitikia kwamba anakuja.

"Andika," akasema mwishowe. "Mimi siwezi kumwambia Mzee kwamba naikumbuka ile siku. Lakini gazeti yeye husoma. Husoma hata matangazo."

Bathsheba hana namna ya kuirudisha picha iliyofutika, na ameacha kujidanganya. Anachopanga ni kupanda Gesima Jumapili ya kwanza atakayokuwa na laptopu. Ataiweka ukumbini kwa Mzee Obwocha, mlango wazi, awaonyeshe zile mia sita zilizobaki, bila malipo. Na atakwenda na kamera.

Hatawapanga mstari. Hatamwomba mtu yeyote asogee karibu na mwingine.

"Nikimwambia mtu acheke, atanionyesha meno tu," anasema. "Nitakaa pale pembeni na kamera yangu. Nitangoja. Kungoja ndiyo kazi niliyojifunza kwanza."