Watu Elfu Kumi wa Mdomo Wangu

Wandugu, jina langu muache. Ile bichi yetu ya bahari, mi njo niliiharibu. Na huu mdomo!

Pale Greyville, kwenye salon ya Mama Aline, mi sisuki nywele ya mtu. Mi nachekesha tu. Nikivua kasamaki kama kidole, nikikasimulia mkia inafika kwenye robot, zile taa za barabarani, magari yanasimama!

Sasa kampuni moja ikataka kufunga bichi senyenge, uzio wa waya, ijenge hoteli. Bichi ya watu wote! Sisi Wakongo na Warundi tulikuwa tunabatizia pale. Bibi wa Kizulu walikuwa wanachota maji ya bahari ya dawa pale pale.

Mama Aline alitembea mpaka ndala zikakatika, akiomba watu watie sahihi ya kukataa senyenge, toka wanafunzi wa Glenwood mpaka wenye magari wa Westville. Mama yake mzazi alikuwa njiani toka Uvira. Alimuahidi: "Mama, utabatizwa baharini."

Siku ya mkutano wa serikali juu ya ile bichi akaniambia, "Papa, we unajua kusema. Simama uwaambie vile tunafanyaka pale. Lakini leo usiongeze chumvi, tafazali!"

"Mama, tunasemea bahari. Chumvi si iko tayari?"

Nikasimama. Watu wakacheka kidogo. Weee, mdomo ukawaka! Nikasema kila Jumapili tunafika watu elfu kumi! Nikasema tunacheza juu ya vilima vya mchanga mpaka vinalala chini kama chapati! Nikasema tukiingia majini, Madagaska wanapandisha suruali!

Ukumbi mzima ulilia kwa kicheko. Mama Aline peke yake hakucheka.

Avoka, wakili wa kampuni, akasimama polepole. "Asante, baba. Mmemsikia wenyewe. Watu elfu kumi wanakanyaga ule mchanga. Bichi inakufa. Senyenge njo itaiponya."

Eish! Nikapiga kelele, "Nilikuwa nachekesha!"

"Imeshaandikwa," mwenye mkutano akasema. "Anayefuata?"

Nimerudi ofisi ya serikali kufuta yale maneno, mpaka mlinzi ananijua kwa mwendo. Wananiuliza swali moja tu: "Baba, ulidanganya siku ile, ama unadanganya leo?" Nijibu nini, wandugu? Nijibu nini!

Senyenge iko pale leo. Mama wa Uvira alifika. Tulimbatiza nyuma ya salon, ndani ya beseni ya plastiki ya watoto kuogelea. Kichwa kikizama, miguu inatoka. Mi nilishika taulo. Kwa mara ya kwanza nimeona kitu cha kuchekesha, na sikucheka.

Mama Aline akanigeukia, hana hata hasira. "Papa, leo tuko wangapi?"

Nikahesabu vichwa, kimoja kimoja.

Nyie wenye midomo mitamu, mkiitwa kusemea mahali pa watu wote, utani muuache nje na viatu. Semeni vile mko, hata kama ni kidogo. Sisi tulikuwa watu wa kujaza teksi mbili, zile za watu kumi na tano. Teksi mbili tu, wandugu!

Na tulikuwa tunatosha.